Mambo ya Nyumbani: Kitanda cha Shaba Kisiuzwe Upesi

Wako watu wanaopoteza mali bila kujua, kwa kuwa wakikiona kitanda cha shaba cha marehemu babu kimekuwa cheusi hudhani kimekwisha. Mwenye nyumba humwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, kitanda kikapimwa kwa kilo, kikaenda zake. Au hununua rangi ya mafuta akakipaka chote, miguu na vifundo. Weusi ule si kuoza. Ni utando tu uliofanywa na hewa na unyevu, na shaba iliyo chini yake kwa kawaida ni nzima.

Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, mara nyingi kama sehemu mbili kwa moja. Katika karne ya 19 vitanda vya namna hii vilifanyizwa kwa wingi katika mji wa Birmingham, Uingereza. Lakini si kila kinachong'aa ni shaba tupu. Mafundi walizoea kulivika bomba la chuma ganda jembamba la shaba, na vitanda vingine vilipakwa shaba kwa nguvu za umeme, utando mwembamba kabisa. Basi kazi ya kwanza si kusugua, bali ni kutafuta sumaku. Sumaku haishiki shaba. Ikishika, ndani mna chuma, na yafaa mtu atazame mwisho wa bomba aone unene wa shaba. Penye utando mwembamba msasa usiguse kamwe: shaba ikitoka imetoka, wala hakuna dawa ya nyumbani ya kuirudisha.

Wengi husugua kutwa wasione faida, kwa sababu kitanda kilipakwa vanishi kiwandani, na weusi umeingia chini yake. Vifundo vinavyofunguka na vichemshwe katika maji yenye magadi, vanishi italegea. Mabomba marefu hupanguswa kwa spiriti, mbali na moto. Ikiwa kuna rangi ya zamani juu, isikwanguliwe ikiwa kavu, kwani rangi nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kisha huja dawa yenyewe: siki, chumvi na unga wa ngano, vikorogwe hata viwe uji mzito. Wahindi hutumia ukwaju, nao wafanya kazi ile ile. Upakwe, ukae kama nusu saa, uoshwe kwa maji safi, na shaba ikaushwe pale pale. Mwenye haraka hupenda kuuacha ulale usiku kucha. Asubuhi hukuta madoa mekundu, maana ile asidi imekula zinki na kuacha shaba nyekundu peke yake.

Kwa makasha ya pwani yenye misumari ya shaba, hapo ni uvumilivu. Uji usimwagwe juu ya mbao. Karatasi ngumu ikatwe tundu la kadiri ya kichwa cha msumari, na kitambaa kizungushwe kidoleni, msumari mmoja mmoja. Ni kazi ya jioni nyingi.

Tena vitu hivi visiwekwe bandani pamoja na mifugo. Zamani za utawala wa Waingereza huko Bara Hindi, maganda ya risasi za bunduki yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa masika. Ikagunduliwa baadaye kuwa ni amonia itokayo katika mkojo wa farasi, ambayo hupasua shaba iliyokunjwa au kuvutwa kwa nguvu. Mkojo wa ng'ombe na mavi ya kuku hutoa amonia vile vile.

Shaba ikiisha kung'aa ipakwe nta kidogo, isuguliwe kwa kitambaa kikavu. Lamu na Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, nta hiyo itahitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache. Bara, palipo pakavu, hudumu zaidi.