Kompresa Mpya, Oili Kiasi Gani?

Kila ikikaribia Juni, familia zetu hapa Muscat hupeleka magari gereji, Wadi Kabir au Ghala, na ombi ni lilelile: "Fundi, niongezee gesi." Gesi ndiyo tunayoijua. Oili ya AC hatuitaji kabisa, na kompresa nyingi hufa kwa ajili yake.

Oili hii si ile ya injini. Haina kijiti cha kupimia. Inazunguka pamoja na gesi: nyingine imo kwenye kompresa, nyingine kwenye kondensa kule mbele ya rejeta, nyingine kwenye evapoleta nyuma ya dashibodi, iliyobaki mabombani. Ikipungua, vyuma vya kompresa vinasagana na unga wake unasambaa mfumo mzima. Ikizidi, inajipaka kwenye kuta za ndani za kondensa na evapoleta, joto linashindwa kupita, presha inapanda na hewa inatoka vuguvugu. Hapo fundi mwenye haraka huongeza gesi tena, na hali inazidi kuwa mbaya.

Familia moja ninayoifahamu ilinunua kompresa mbili katika kiangazi kimoja. Ya kwanza ilifungwa kama ilivyotoka kwenye boksi. Hakuna aliyepima oili ya ile kuukuu wala aliyesafisha unga wa chuma mabombani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kompresa mpya nyingi huja na oili ya kiwandani, mara nyingi ya kutosha mfumo mzima, ilhali mabomba ya gari lako bado yana oili yake. Kwa hiyo ile kuukuu inamwagwa kwenye kikombe chenye mistari ya mililita, huku ikizungushwa kwa mkono mpaka iishe kudondosha. Tuseme zimetoka mililita 40 na mpya ina 120: mpya nayo inamwagwa, zinarudishwa 40, na nyongeza ndogo kama kitabu cha gari kinaitaja. Mfumo ukiwa umeoshwa wote, inawekwa oili kamili ya kitabuni. Na bomba likiwa limepasuka ghafla, oili nyingi imeruka na gesi. Kilichobaki kwenye kompresa kuukuu hakiwezi kuwa kipimo.

Wodini tunaandika kila kinachoingia kwa mgonjwa na kila kinachotoka. Basi mwulizeni fundi: umetoa ngapi, umerudisha ngapi? Anayejua kazi atakuonyesha kikombe. Anayesema "nakadiria kwa macho" mshukuru, uondoke na gari lako.

Aina ya oili nayo ina neno. Magari mengi hutumia PAG, yenye uzito tofauti: 46, 100, 150. PAG hunyonya unyevu wa hewani, na hapa pwani unyevu tunao wa kutosha, kwa hiyo kopo lililoachwa wazi tangu juzi lisiingie kwenye gari lako. Haibridi zenye kompresa ya umeme ni jambo jingine: nyingi hutaka oili ya POE, isiyopitisha umeme. PAG kidogo tu ikichanganyika humo inaweza kuharibu kinga ya umeme, na gari likawasha taa za hitilafu. Haibridi ipelekeni kwa fundi mwenye mashine yake peke yake.

Wanaokwenda Salalah kwa khareef, karibu kilomita 1,000, kazi hii ifanyeni wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Tembeeni nalo mjini, mchana, watoto wakiwa nyumbani. Kompresa ikianza kukwaruza au kunguruma AC inapowaka, izimeni palepale mrudi gereji. Hapa Al Khuwair utapata teksi na kivuli. Ukishaipita Adam kuelekea Haima, na mtoto mchanga kiti cha nyuma, ni jangwa tupu, na mtoto hupata joto upesi kuliko sisi.