Chumba cha kufulia cha pamoja Mutoshi: tuanze na tanki, mashine zifuate

Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inadai kila kampuni ya uchimbaji itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi. Si sadaka, ni haki. Kati ya vitu vya kuomba katika fungu hilo, mimi naweka chumba cha kufulia cha pamoja karibu na juu kabisa, pamoja na shule na dawa.

Kuna watakaocheka. Kufua ni kazi ya wamama, watasema, na mto upo. Mto gani? RAID na AFREWATCH waliandika 2024 kuhusu uchafuzi wa maji ya Kolwezi, na wakaaji waliohojiwa walieleza magonjwa ya ngozi na ya uzazi kwa wanawake. Mama anayesimama mtoni na maji mpaka magotini, saa tatu, mara mbili kwa juma, hana haja ya kuambiwa mto upo. Na aliyefukuzwa kwake, kama watu wa Mukumbi ambao nyumba zao zilichomwa Novemba 2016 (Amnesty International na IBGDH ya hapa Kolwezi waliliandika 2023), mara nyingi anapanga chumba kimoja katika uwanja wa watu. Akikosa mto, ananunua maji kwa bidoni.

Sasa, mashine. Zile zenye mlango wa mbele wa kioo zinapendeza macho, na sifa yake kubwa ni ya kweli: kwa kilo saba za nguo zinatumia lita 50 hivi, yaani bidoni mbili na nusu. Mashine ya zamani ya kufungulia juu inaweza kupita lita 100. Zinakamua vizuri pia, kwa hiyo nguo hukauka upesi hata wakati wa mvua.

Lakini mashine hiyo haipokei maji ya kumiminwa na beseni. Inavuta bombani, na nyingi zinataka mgandamizo unaolingana na tanki lililoinuliwa mita tano juu yake. Tanki la kuweka juu ya matofali matatu halitoshi. Inachemsha maji yenyewe, na chuma chake cha kuchemshia hula wati 2.000 hivi. SNEL ikikata katikati ya kazi, mlango unabaki umefungwa, nguo za mtu zimo ndani na maji yake. Tena haitaki povu jingi, na sabuni ya unga tunayonunua sokoni imetengenezwa kwa mikono, inatoa povu kama bia. Mpira wa mlangoni unakusanya mchanga. Ukichanika, mpya utatoka wapi?

Kwa hiyo, kwa Mutoshi ya leo, mimi nachagua ile mashine ya matungi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Unaijaza hata kwa ndoo. Wati zake ni mia chache tu, jenereta ndogo inaiendesha. Kura ikienda, unafungua kifuniko, unatoa nguo zako, unamalizia kwa mkono. Maji ya nguo nyeupe unayatumia tena kwa nguo nyeusi. Ndiyo, mtu lazima asimame pale. Basi wamama wanaofulia watu kwa malipo ndio wapewe kazi ya kuiendesha, maana vinginevyo chumba hiki kitawanyang'anya mkate wao.

Kabla ya hiyo, kuwe na foraji ambayo maji yake yamepimwa maabara, tanki juu ya mnara wa kweli, mabeseni ya saruji chini ya paa, na shimo la maji machafu mbali na foraji na mbali na bustani za mboga. Tukijenga mnara wa mita sita tangu mwanzo, siku umeme ukitulia tutaleta mashine za mlango wa mbele bila kubomoa kitu.

Jambo moja nisingelikubali lipunguzwe hata kama franga ni kidogo: nguo za mgodi zisiingie tungi moja na nepi za watoto. Watafiti wa KU Leuven na UNILU walionyesha 2018 kwamba watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo kuliko watoto wa mtaa wa jirani usio na uchimbaji, na vumbi la nyumbani lilikuwa njia mojawapo. Ovaroli ya mkrezeri huleta vumbi hilohilo. Iwekwe mashine moja na beseni moja kwa nguo za kazi tu, zipakwe rangi nyekundu ili hata asiyejua kusoma asikosee, na kampuni ilipie maji yake. Wachimbaji wengine watalalamika kwamba wanatengwa. Waelezwe.