Diski ya Prodyuza Imekufa, Mchawi ni Haraka Yetu

Wadau, habari ya mjini wiki hii mnaijua. Laptopu ya prodyuza mmoja wa hapa Dar (jina kapuni) imegoma, na ndani yake kuna albamu nzima ya dada mmoja anayefanya vizuri kwenye gemu. Nyimbo 11, kazi ya miezi minane. Kinachouma zaidi, kwenye wimbo mmoja kuna kiitikio alichoimba kaka yake kabla hajatangulia mbele za haki. Nyimbo nyingine unaweza kurudia studio. Sauti ya marehemu utairudia wapi?

Tangu juzi maneno ni mengi. Wengine wanasema dada karogwa, wengine wanadai prodyuza kauza kazi halafu anasingizia mashine. Jamani, tuache hizo. Mimi naona mchawi hapa ni haraka.

Mtu wa karibu na studio ile kanisimulia ilivyokuwa. Jamaa aliwasha laptopu, akasikia mlio, "tik, tik, tik". Akazima, akawasha tena. Kafanya hivyo usiku kucha! Asubuhi kaikimbiza Kariakoo kwa fundi wa kwanza aliyemkuta, naye akasema dawa ni kupiga Windows mpya. Ilipogoma, akatoa bisibisi aifungue diski palepale mezani, feni inapuliza vumbi. Bahati nzuri dada alikuwepo, akamzuia.

Sasa tuelewane. Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka, na kwenye laptopu nyingi ni mara 5,400 kwa dakika. Vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Mlio ule mara nyingi maana yake vichwa vimeshindwa kusoma, na kila ukiwasha unaweza kuwa unakwangua sahani zenyewe. Chembe moja ya vumbi inatosha kuleta balaa, ndiyo maana wenye kazi yao huifungulia kwenye chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa. Ikigonga, zima. Usiwashe tena hata "kwa kujaribu tu".

Kama haigongi, ila umefuta faili kwa bahati mbaya au Windows imekataa kuwaka, hiyo ni ishu nyingine na mara nyingi ina matumaini. Kwenye hadidiski, faili lililofutwa huwa bado lipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo acha kuitumia mashine. Diski itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, inakiliwe yote kwanza, halafu nakala ndiyo ichokonolewe. Programu kama TestDisk na PhotoRec zinafanya kazi hiyo na ni za bure. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, si humo humo. Kupiga Windows mpya ni kuandika juu ya kile unachokitafuta. Ila wenye SSD msijipe moyo sana, zile faili likifutwa zinaweza kulisafisha kabisa muda mfupi tu baadaye.

Na msidhani haya ni mambo ya Bongo tu. Mwaka 1998, pale Pixar Marekani, amri moja iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya Toy Story 2. Kwenda kwenye nakala za akiba, nazo zina kasoro! Kilichowaokoa ni kwamba mfanyakazi wao, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala yake huko. Kampuni kubwa kama ile iliponea kwenye kompyuta ya mama mzazi.

Hapo ndipo ninapomlaumu prodyuza, tena bila kumumunya maneno. Kazi ya watu wawili hailali kwenye mashine moja. Lakini na wewe dada yangu, miezi minane hujawahi kudai nakala hata siku moja? Eksteno moja ni bei ndogo kuliko viatu vya kuvalia kwenye video. Nakala moja studio, nyingine kwako, ya tatu hata mtandaoni. Wahenga walishasema akiba haiozi.

Kwa sasa diski bado ipo, haijafunguliwa. Dada, ifunge vizuri, isiwashwe na mtu, tafuta mwenye vifaa vya kweli hata kama ni nje ya nchi na itabidi kusubiri. Sauti ya kaka yako inaweza kuwa bado imo.

Na wewe mdau unayemcheka, picha na sauti za wazee wako ziko wapi leo? Kama jibu ni "kwenye laptopu", basi usicheke.