Je, Atakula Tarehe?



Juma lililopita, katika mkutano wa tawi, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akamlalamikia binti yake mbele ya watu. Binti amefaulu kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL, na sasa ataka kwenda Chuo Kikuu kusoma Historia. "Atakula tarehe?" akauliza mzee. Watu wakacheka. Nami nilicheka, na tangu siku ile naona haya, maana mimi sina digrii, nilisoma Chuo cha Ualimu tu, lakini somo nililofundisha ni hilo hilo Historia.

Kwanza tuseme kweli. Mzee yule si mjinga. Amewaona vijana wa masomo ya sanaa wakikaa vijiweni na vyeti vyao, na nafasi za ualimu zikitangazwa, wa sayansi hutangulizwa. Anajua ya kuwa aliyesoma kwa mkopo, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Baba mwenye ekari mbili ana haki ya kuuliza.

Lakini kipimo anachopimia si chake. Mkoloni alitaka karani wa kumwandikia hesabu zake, basi elimu yetu akaipima kwa neno moja: mtu huyu atanifaa kwa kazi gani? Bendera yake imeshuka tangu 1961, na kasumba hiyo ingali vichwani mwetu.

Mwalimu Nyerere alifundisha Biolojia pale Tabora. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alisoma masomo ya sanaa: historia, falsafa, uchumi, sheria za katiba. Akarudi na M.A. yake mwaka 1952. Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuitetea Tanganyika. Nani leo atauliza digrii ile ilikuwa na faida gani?

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tuseme ya sasa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. SADC ilikipokea mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu siku za Gavana, nani azifasiri? Nani akalimani mikutanoni? Tumwite fundi wa mitambo?

Tena mwaka jana, katika kijiji kimoja cha wilaya yetu, mnunuzi wa mazao alileta mkataba wa kurasa 11, Kiingereza kitupu. Wazee walikwisha kushika kalamu. Msichana mmoja mwenye digrii ya Historia, aliyekuwa akiuza vocha chini ya mwembe, akaomba ausome kwanza. Kifungu cha 7: bei itapangwa na mnunuzi siku ya kupima mzigo. Kalamu zikarudi mifukoni! Baada ya majuma matatu mnunuzi alirudi na mkataba wa Kiswahili, bei imeandikwa. Nilimwuliza msichana yule alijuaje pa kutazama. Akasema chuoni walimzoeza kuuliza kila waraka: nani kauandika, kwa faida ya nani, na ameficha nini. Siku ile walimlipa jogoo. Leo ni katibu wa chama cha ushirika, ana mshahara.

Na vijana nanyi msikie. Anayekariri madesa miaka mitatu, akatoka hawezi kuandika barua ya ukurasa mmoja, huyo mzee wetu amemsema sawasawa. Wakubwa wa maofisi kadhalika. Ofisi moja niijuayo ilitafuta afisa habari ikataka shahada ya biashara peke yake, na matangazo yake mpaka leo hayaeleweki!

Mzee wangu, Jumamosi njoo na binti ofisini kwa tawi, tujaze fomu ya mkopo pamoja. Njoo na cheti chake cha kuzaliwa, kiwe kimehakikiwa na RITA, maana bila hicho hawapokei.