Lobedi Hainunuliwi kwa Namba ya Ubavuni

Mnunuzi wa lobedi ya kwanza, yaani tela ya sakafu ya chini ya kubebea mashine nzito, akifika yadi, huonyeshwa kwanza namba iliyopakwa rangi ubavuni: tani 60, au 80. Kisha hufuata maneno ambayo karibu kila mkandarasi mdogo hapa Tanzania ameshayasikia. Nayajibu moja moja kwa sababu yanawatia watu hasara kubwa, na mengine yanaua.

"Imeandikwa tani 60, basi inabeba tani 60." Hili ndilo linaloumiza wengi. Namba ile inahusu chuma, haihusu barabara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inapima kila kundi la ekseli peke yake. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli mbili za kuvuta zenye matairi pacha ni tani 18. Ekseli tatu za tela, nazo zikiwa na matairi pacha, ni tani 24. Jumlisha: unapata 50. Zile tani 56 zinazotajwa na madalali ni za gari lenye ekseli saba, na lako lina sita.

Sasa toa uzito wa kichwa, kama tani 9, na wa lobedi yenyewe, ambao mara nyingi ni tani 12 hadi 14. Zinazobaki kwa mashine ni 28 au karibu na hapo. Kijiko cha Caterpillar 320 chenye tani 22 kinapita. Tingatinga la D8 lenye takriban tani 40 halipiti bila kibali maalumu, hata tela ingeandikwa 100. Ndiyo maana wasafirishaji wazoefu hulivua D8 bledi lake na kupeleka bledi hilo kwa safari nyingine: tingatinga linapungua uzito, na upana pia.

Hata hizo tani 60 za chuma, uliza zimehesabiwa kwa urefu gani wa sakafu. Cheni za kijiko cha tani 20 hukanyaga sakafu kwa mita 3 na ushei tu. Boriti iliyopigiwa hesabu ya mzigo uliosambaa sakafu nzima inaweza kupinda ikibeba uzito uleule ukiwa umerundikana katikati. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hutaja tani na mita kwa pamoja.

"Jumla ikiwa ndani ya sheria, mizani haitakusumbua." Itakusumbua. Tuseme kutoka pini ya kuunganishia hadi katikati ya ekseli za nyuma kuna mita 10. Ukisogeza mashine ya tani 22 mbele kwa mita moja, tani 2.2 zinahama kutoka ekseli za tela kwenda kwenye kichwa. Hizo zinatosha kukuzidishia kundi moja huku jumla ikiwa halali. Ukishapata mahali sahihi pa mashine yako, piga alama ya rangi sakafuni ili opereta aisimamishe hapohapo kila safari.

"Kadiri ilivyo chini, ndivyo ilivyo bora." Ni kweli kama mashine ni ndefu kwenda juu na njia nzima ni lami. Lakini lobedi yenye tumbo chini hukwama kwenye matuta, kwenye makutano ya reli na kwenye vichochoro vya kuingilia machimbo. Ukinunua ya namna hiyo, hakikisha shingo yake ina haidroliki ya kuiinua. Halafu kuna matairi. Ili kushusha sakafu, watengenezaji wengi huweka matairi ya rimu 17.5 badala ya 22.5. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, na ngoma yake ya breki ni ndogo, kwa hiyo joto hupanda upesi. Dereva anayeshuka mteremko wa Kitonga na mashine mgongoni anaijua maana ya jambo hilo. Kwa mkandarasi mwenye vijiko viwili na greda, anayezunguka kwenye barabara za changarawe, lobedi ya sakafu ya wastani yenye ngazi za nyuma itamfaa kuliko ile ya shingo ya kung'oka.

"Mashine nzito inakaa yenyewe." Haikai. Cheni ya chuma juu ya sakafu ya chuma, penye tope au mvua, huteleza kwa breki moja ya ghafla, na mbele yake kuna kabini yenye watu. Chagua sakafu ya mbao ngumu, kisha hesabu pete za kufungia kabla hujahesabu tani. Mashine ifungwe kwa minyororo kwenye pembe zote nne, na mkono na ndoo ya kijiko vifungwe peke yake.

"Ya mtumba ni sawa na mpya." Inaweza kuwa hivyo, lakini usiamini rangi mpya. Piga magoti mahali shingo inapoungana na sakafu, ukiwa na tochi. Ufa wa uchovu wa chuma huanza kama mstari mwembamba kama unywele, nao hutoa kutu inayochuruzika juu ya rangi. Ukikuta bamba limechomelewa juu ya bamba pale, achana nayo. Angalia pia pini: ya inchi 2 na ya inchi 3.5 hazibadilishani, na lazima ilingane na sahani ya kichwa ulichonacho.

Kabla hujalipa, beba karatasi ya mtengenezaji yenye uzito na vipimo vya mashine yako, na umtake muuzaji akupigie hesabu ya kila kundi la ekseli mbele ya macho yako. Akishindwa, kanunue kwingine.