Neno la Mhariri: Rupia Yenye Tundu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kijaluba cha bati ambacho hakukifungua ovyo. Ndani mlikuwa na shanga, sindano mbili zilizochomekwa kwenye kitambaa, na rupia moja ya fedha ya mwaka 1892. Upande mmoja Kaisari Wilhelm kavaa chapeo, upande wa pili simba na mnazi. Nikiwa darasa la tano niliamini kabisa kwamba "rupia" ni neno la Kijerumani, na mwalimu niliyemweleza hivyo akaitikia kwa kichwa.

Sasa tunatoa toleo zima kuhusu historia ya India, na tayari nimeulizwa, tena na watu ninaowaheshimu: Songea na India wapi na wapi? Jibu langu limo ndani ya kijaluba kile. Rupia ni sarafu iliyopigwa na Sher Shah Suri, aliyetawala kaskazini mwa India kuanzia 1540 hadi 1545. Wafalme wa Kimughali wakaiendeleza, Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ikairithi pamoja na nchi yenyewe, na wafanyabiashara wa Kutch na Bombay wakaja nayo Zanzibar na Kilwa. Wajerumani walipoingia walikuta soko lote la pwani linahesabu kwa fedha hiyo. Hawakuifuta. Waliibandika sura ya Kaisari, wakaendelea nayo. Hadi 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64, ndipo wakaigawa upya kuwa heleri 100. Ndiyo maana leo mtu aliyeishiwa anaweza kusema hana pesa au hana hela: neno la kwanza limetoka India, la pili Ujerumani, na mfuko ni uleule mtupu.

Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba, kijijini ilidaiwa rupia 3. Kwa hiyo fedha iliyomtoa mtu shambani kwake kwenda kuitafuta kwa mzungu ilikuwa na jina la Kihindi. Hapo ndipo mimi naanzia kuisoma India.

Waandishi wetu hawakuanzia hapo, na sikuwalazimisha. Makala ya kwanza inaanza na Mohenjo-daro na mifereji yake ya matofali. Ningekuwa mimi, ningeanza na ulezi. Nafaka hii wanayoitwanga mama zetu kwa uji na kwa pombe ilizaliwa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, ikavuka bahari zamani mno kabla ya jahazi lolote tunalolijua kwa jina, na leo wakulima wa Karnataka wanaila kama chakula chao cha asili. Tumezoea kuambiwa tulipokea chapati, bima, gari na laki. Ulezi ulikwenda upande ule, na hakuna anayetudai shukrani wala sisi hatudai.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni swali jingine. Kila Februari tunapokusanyika Makumbusho ya Maji Maji, pale Mahenge hapa Songea, kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, hakosi kijana wa kuuliza: kwa nini wazee wetu hawakufanya kama Gandhi? Anauliza kwa nia njema. Ameambiwa darasani kwamba Wahindi walidai uhuru kwa amani wakaupata, na sisi tulikimbilia mikuki na dawa tukaangamia. Swali hilo linaniudhi, si kwa sababu ya kijana, bali kwa sababu ya hesabu ya miaka.

Mwaka huo wa 1906, manduna, yaani viongozi wa Kingoni, walipokuwa wananyongwa hapa, Gandhi alikuwa wakili Afrika Kusini. Katikati ya mwaka Wazulu wa Natal wakapigwa vita kwa sababu ya kodi ya kichwa, pauni 1 kwa kila mwanamume, na chifu wao Bambatha akawa ndiye jina la vita vile. Gandhi akaunda kikosi kidogo cha Wahindi wabeba machela, akapewa cheo cha sajini meja, akavaa sare ya jeshi la Waingereza. Kazi iliyowakuta huko ilikuwa kuwauguza Wazulu waliochapwa viboko mpaka ngozi ikachunika, ambao wauguzi wazungu hawakutaka kuwagusa. Na Wazulu wale ni nani kwetu? Ni ndugu za watu waliokimbia vita vya Shaka, wakavuka Zambezi na Zwangendaba mwaka 1835, na vizazi vyao vikafika huku Ungoni. Ndugu walioachana miaka zaidi ya 70 walikuwa wanalipa deni moja mwaka mmoja, huku kwa rupia, kule kwa pauni.

Gandhi alirudi kutoka vita vile mtu mwingine. Tarehe 11 Septemba 1906, ndani ya ukumbi wa maonyesho wa Johannesburg, Wahindi walikula kiapo cha kutoitii sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole. Njia tunayoiita ya Gandhi ilianzia hapo. Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa hapa, alikuwa amekwisha kufa. Huwezi kumlaumu marehemu kwa kutopita barabara ambayo haijachongwa.

Isitoshe, India nayo ilipigana. Mei 1857 askari wa Meerut waliasi baada ya kusikia kwamba risasi mpya zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Wahindu na Waislamu, ambao hawakula sahani moja, wakasimama pamoja nyuma ya mfalme mzee wa Delhi, Bahadur Shah Zafar. Sisemi mafuta yale na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile ni kitu kimoja. Yale yalitisha imani, haya yaliahidi kinga. Ila angalia kazi yaliyoifanya. Maji ndiyo yaliyowaweka Wangindo na Wangoni upande mmoja, na Wangoni hao jana yake walikuwa wakiwavamia Wangindo. Ushindi ulikwenda kwa wenye bunduki huku na kule. Waasi wa India walifungwa kwenye midomo ya mizinga ikafyatuliwa. Huku ghala na mashamba yalichomwa kwa makusudi ili njaa imalize kilichoshindwa na risasi, na nyika ikarudi kwenye mahame.

Tangu Meerut hadi uhuru wa Agosti 15, 1947 ni miaka 90. Na uhuru wenyewe ulikuja na mgawanyiko wa India na Pakistani, mamilioni wakahama na malaki wakauawa na majirani zao. Anayesema India iliupata kwa amani ameruka kurasa nyingi.

Hatutaki pia toleo la kusifiana na kupongezana. Kuna wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani waliokopesha misafara iliyowapeleka Kilwa watu wa huku bara wakiwa minyororoni. Mwaka 1918 Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, aliandika kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani nyumba yetu hii, itengwe kwa ajili ya walowezi kutoka India. Waliokandamizwa nao hutamani koloni. Na kuna Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza aliyesoma Calcutta, akaja kushika Wizara ya Fedha ya nchi huru. Wote wamo humu, na hatukumwomba yeyote amtetee mwenzake.

Mwalimu Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliisimulia Maji Maji bila kuionea haya. Alisema watu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala, na kwamba kushindwa kwao ndiko kulikowafundisha wana wao kwamba nguvu haitamtoa mtawala. Miaka 39 baadaye India ilimpa Tuzo ya Amani ya Gandhi, akiwa mtu wa kwanza kuipokea. Wanaodhani chama chake cha TANU kiliagiza amani yake kutoka Bombay wasome hotuba ile.

Picha ya rupia ya bibi tumeiweka jalada la nyuma. Mtaona tundu dogo juu ya chapeo ya Kaisari. Alilitoboa mama yake kwa msumari wa moto, akaitia uzi, akaivaa ndani ya nguo. Nilidhani ni pambo. Bibi akacheka, akasema mama yake hakupenda mapambo. Ni kwamba karani wa kodi alikuwa hapokei rupia yenye tundu.