Chura Aliyeelea Hewani

Tumezoea kudhani kwamba sumaku haina kazi ila kwa chuma. Hata hivyo, mwaka 1997, huko Nijmegen nchini Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimfanya chura hai aelee hewani ndani ya sumaku ya tesla 16 hivi. Siri ni maji: sumaku huyasukuma, ila kwa nguvu hafifu mno, na mwili wa chura umejaa maji. Chura alitoka salama.

Sumaku ya mlango wa friji haifikii hata sehemu moja kwa mia ya nguvu hiyo. Basi, dada zetu, tukiuziwa bangili ya sumaku kwa madai ya kuendesha damu, tumkumbuke chura huyo. Fedha tuzihifadhi, na mgonjwa tumpeleke hospitali.